Dar hadi Mtwara: Saa Moja ya Angani na Saa Zile Nyingine

Wahenga walisema, "Kawia ufike." Waliyasema hayo katika zama ambazo msafiri alifunga masurufu yake, akaaga, na waliobaki nyuma wakamwombea dua mpaka msimu wa pepo ugeuke. Hawakuwa na simu ya kuwaletea habari za msiba saa tatu za usiku na kuwaambia kwamba mazishi ni kesho. Siku hizi, ndugu msomaji, kukawia na kufika ni mambo yanayoweza kugombana, mtu akafika salama salimini na huku amekwisha likosa jambo alilolifuata.

Makala haya yanauliza swali linaloonekana jepesi: kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni mbali kiasi gani? Muulize karani wa tiketi za ndege, atakujibu kwamba ni mwendo wa saa moja. Muulize dereva wa basi, atakuambia ni kutwa nzima. Muulize nahodha wa jahazi, atatazama upepo kwanza. Nenda kamuulize mzee anayeishi karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, naye atakuuliza maji yanajaa saa ngapi. Wote wanne wanasema kweli. Taabu ya familia nyingi za mjini zenye asili ya kusini ni kutojua ukweli wa nani utumike siku ipi.

HABARI ZA SAA TATU USIKU

Miaka kadhaa iliyopita, kabla mabasi ya abiria hayajaruhusiwa tena kusafiri usiku, mimi na kaka yangu tulipigiwa simu kuarifiwa kwamba mama yetu mdogo amefariki dunia. Alikuwa akiishi katika kijiji kimoja kando ya Ghuba ya Mnazi, ng'ambo ya mlango mdogo wa maji, mahali ambapo mashua huvusha watu. Kwa sisi watu wa kusini, ambao wengi wetu huhesabu ukoo kwa upande wa mama, mama mdogo si jamaa wa pembeni. Huyu alikuwa ndiye aliyetulea baada ya mama mzazi kututoka.

Aliyepiga simu alikuwa mjomba, na katika ukoo wetu neno la mjomba halipingwi. Alisema, "Wapwa zangu, kesho maji yatajaa saa tisa na nusu. Watu wa ng'ambo zote watakuwa wamevuka. Tutaswali Alasiri, kisha tutamsitiri mama yenu. Kama mnaweza kuwahi, njooni."

Kaka yangu hakupoteza muda. Alikata shauri kuondoka na basi la saa kumi na mbili alfajiri. Mimi nilikaa kitako na kalamu na karatasi. Ndege ilikuwa iondoke saa sita mchana na kutua Mtwara saa saba. Kutoka kiwanjani hadi pwani kwenye mashua, niliweka saa moja na dakika arobaini na tano. Kwa hesabu yangu ningefika kijijini saa tisa na robo, maji yakiwa bado yanajaa. Nilimwonea kaka yangu huruma kwa safari ndefu aliyojitwika, nikalala.

Nitaeleza mwisho wa mkasa huo baadaye. Kwanza tuitazame hesabu yenyewe, kwa sababu haikuwa na kosa la kujumlisha. Kosa lake lilikuwa jingine.

MSTARI ULIONYOOKA

Umbali wa angani kati ya viwanja viwili ni urefu wa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kuviunganisha. Mstari huo haujali mto, mkoko wala mlima. Watoto wa shule wanaweza kuupima wenyewe mezani kwa kutumia atlasi, na wazazi wanaweza kuwasimamia Jumapili ya leo.

Kiwanja cha Kimataifa cha Julius Nyerere kiko karibu na nyuzi 6 na dakika 53 kusini ya Ikweta. Kiwanja cha Mtwara kiko karibu na nyuzi 10 na dakika 20 kusini. Tofauti yake ni nyuzi 3 na dakika 27, yaani dakika 207. Sasa hapa pana siri nzuri ambayo mabaharia wameijua kwa karne nyingi: dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, nayo ni mita 1,852. Kwa hiyo kutoka Dar es Salaam, Mtwara iko kusini kwa maili 207 za baharini, ambazo ni kilomita 383.

Lakini Mtwara haiko kusini tu. Iko pia mashariki ya Dar es Salaam, kwa karibu nyuzi moja ya longitudo, ambayo katika sehemu hizi ni kama kilomita 107. Wengi hushangaa kusikia hivyo, maana tumezoea kuiona Dar es Salaam kuwa ndiyo ncha ya mashariki. Ukweli ni kwamba pwani yetu inapoelekea kusini huinama kidogo kuingia baharini, na nchi kavu ya Tanzania iliyo mbali kabisa upande wa mashariki hupatikana huko huko karibu na mdomo wa Ruvuma.

Chora sasa pembetatu yenye pembe mraba, upande mmoja 383 na upande wa pili 107. Upande wa tatu, ule ulioinama, utapata karibu kilomita 400. Huo ndio mwendo wa ndege. Barabara, ambayo hulazimika kuzunguka mabonde, kutafuta mahali pa kuvuka mito na kupitia miji, ina urefu wa kilomita zipatazo 560. Yaani kwa kila kilomita tano za ndege, basi hutembea saba.

KWA NINI SAA MOJA NA SI DAKIKA ARUBAINI?

Msomaji mwepesi wa hesabu atauliza: ikiwa ndege ya Dash 8 Q400, mfano wa zile ambazo Shirika la Ndege la Tanzania lilianza kuzipokea mwaka 2016, inaweza kwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa, basi kilomita 400 si zingemalizika kwa dakika arubaini? Kwa nini ratiba iandike saa moja, na pengine na dakika chache juu yake?

Sababu ni kwamba ndege haianzi safari kwa mwendo wake kamili, kama vile mtu asivyoanza kukimbia akiwa bado kitandani. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoachia maegesho hadi inaposimama tena. Ndani ya muda huo mna kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja zamu, kupanda, kisha kwenda kwa mwendo wa kawaida, kuteremka, kujipanga na kiwanja na kutambaa tena. Katika safari fupi kama hii sehemu kubwa ya muda hutumika kupanda na kushuka. Ndiyo maana hata ndege ya jeti iendayo zaidi ya kilomita 800 kwa saa haiwezi kupunguza safari ya Mtwara kwa nusu. Itaokoa dakika kumi hivi, basi.

Tukirudi nyuma kidogo tutaona jinsi muda huo ulivyopungua. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilitumia ndege za Dakota katika safari za ndani. Dakota ilikwenda yapata kilomita 290 kwa saa. Kwa mwendo huo kilomita 400 ni karibu saa moja na dakika ishirini na tatu, bila kuhesabu vituo, nazo ndege hizo hazikuwa na haya ya kutua hapa na pale njiani kushusha barua na kupakia abiria. Baadaye zikaja Fokker Friendship, zenye mwendo wa kilomita kama 450 kwa saa, ambazo Shirika la Ndege la Tanzania nalo lilizitumia baada ya kuanzishwa Machi 1977.

Aidha kuna upepo. Nahodha wa jahazi aliyetazama upepo kabla ya kujibu hakuwa mshamba. Tuchukue ndege inayokwenda kilomita 500 kwa saa. Ikikabiliwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, mwendo wake juu ya ardhi huwa 460, na kilomita 400 huchukua dakika 52. Ikirudi huku upepo ule ule unaisukuma, mwendo huwa 540, na safari huchukua dakika 44 na ushei. Safari ile ile, ndege ile ile, tofauti dakika nane. Huko juu upepo haulingani daima na huu wa kusi na kaskazi tuuonao baharini, lakini kanuni ni moja: usafiri wa kusini umekuwa ukifuata upepo tangu enzi za matanga, na hata leo haujauacha kabisa.

Kiwanja cha Mtwara nacho kimebadilika. Katika ukarabati wa miaka ya karibuni njia yake ya kurukia ilirefushwa kufikia mita 2,800, hata ndege kubwa zaidi zikaweza kutua. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini njia ya kurukia ikirefushwa, barabara ya kutoka nyumbani kwako hadi kiwanjani haifupiki.

SAA ZISIZOANDIKWA KWENYE TIKETI

Hapo ndipo lilipokuwa kosa la karatasi yangu. Nilihesabu kutoka kiwanja hadi kiwanja, hali mimi siishi kiwanjani, wala mama mdogo hakuzikwa kiwanjani. Safari ya binadamu huanzia kwenye kizingiti cha mlango wake na kuishia kwenye kizingiti cha anayemwendea.

Tufanye hesabu ya haki. Mtu anayekaa Mbagala au Gongo la Mboto aondoke nyumbani mapema, maana msongamano wa magari ya Dar es Salaam haumjui mfiwa. Aweke saa moja na nusu ya njiani. Aweke saa moja na nusu nyingine ya kupimiwa mizigo, kukaguliwa na kungoja. Kisha saa moja ya angani. Kisha nusu saa ya kushuka, kupokea mzigo na kutafuta gari. Kufikia hapo amekwisha tumia saa nne na nusu, naye bado yuko kando ya mji wa Mtwara. Ile saa moja aliyoinunua kwa bei ghali ni chini ya robo ya safari yake.

Aidha, ndege haingoji mkononi. Ikiwa inaondoka saa sita mchana, msiba wa saa tatu usiku hungoja saa kumi na tano kabla gurudumu halijazunguka. Basi la alfajiri hungojwa saa tisa tu. Mwenye haraka hana budi kuhesabu pia saa za kungoja, kwani nazo hutoka katika mfuko ule ule wa muda.

Siku ile nilifika kiwanjani mapema. Saa sita ikapita. Tukatangaziwa kwamba ndege imechelewa kufika kutoka safari yake ya kwanza. Saa saba ikapita, na saa nane. Simu ya kaka yangu ikaita: "Mdogo wangu, tumekwisha pita Nangurukuru. Wewe uko wapi?" Nikamwambia niko pale pale. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Mungu atafanya wepesi." Nilitua Mtwara saa kumi kasorobo. Basi la kaka yangu liliingia mjini saa kumi kamili.

BARABARA ILIYOFUPISHWA NA DARAJA

Kama mkasa huo ungetokea katika miaka ya 1980 au 1990, kaka yangu asingethubutu kushindana na ndege hata iliyochelewa. Katika miaka ile barabara ya kusini ilikuwa hadithi ya kutisha watoto. Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu, na magari yalipanga foleni yakingoja zamu. Masika yalipoanza, udongo wa Rufiji na Kilwa uligeuka ulimbo ulionasa malori kama ndege. Kulala njiani siku mbili au zaidi halikuwa jambo la ajabu, na wasafiri wengi waliona afadhali meli, ijapokuwa nayo ilichukua usiku na mchana na kichefuchefu juu yake.

Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lenye urefu wa mita 970. Ukitazama ramani, daraja hilo halikupunguza kilomita za maana. Lilichopunguza ni saa, na zaidi ya saa, lilipunguza wasiwasi. Kisha kile kipande korofi kati ya Ndundu na Somanga, cha kilomita kama 60, kikatiwa lami katika miaka ya 2010. Tangu hapo basi likitoka Dar es Salaam alfajiri, likapita Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, Somanga, Nangurukuru, Lindi, Mingoyo na Mikindani, hufika Mtwara jioni, jua lingali juu.

Lakini tusijidai. Mwezi Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kilipoifikia pwani yetu, mvua na mafuriko vilikata barabara hiyo katika sehemu za Somanga, na mabasi yakakwama pande zote mbili. Kwa siku kadhaa kilomita 560 zikawa hazina maana yoyote. Umbali ulikuwa ule ule, muda haukuwepo. Hapo ndipo watu walipokumbuka thamani ya ndege, na pia ya kuwa na njia zaidi ya moja ya kufika mahali.

JIRANI ANAYEONEKANA ASIYEFIKIKA

Kutoka kiwanja cha Mtwara hadi mdomo wa Ruvuma, kwa mstari wa angani, ni kilomita zipatazo 30 tu. Ndege ingezimaliza kwa dakika tatu au nne. Kwa mwananchi wa huko, kilomita hizo zinaweza kuchukua nusu siku.

Sehemu hizo ni za mikoko, mchanga, matumbawe na mikondo ya maji. Mwaka 2000 zilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kule saa inayotawala si ya ukutani. Ni kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hupanda sana na kushuka sana. Siku za maji mafu hubadilika kidogo tu. Na kila siku kilele cha maji husogea mbele kwa takriban dakika hamsini, hata mtu aliyevuka leo saa tisa na nusu kesho avuke saa kumi na dakika ishirini. Kivuko cha Kilambo, kinachounganisha upande wetu na Msumbiji karibu na mdomo wa mto, kwa miaka mingi kimefuata desturi hiyo hiyo: maji yakipwa, michanga huinuka, na chombo hungoja.

Hata wakubwa wamewahi kugeuzwa na mdomo huo. Machi 1866 David Livingstone alitoka Unguja kwa meli ya kivita ya Waingereza, akafika kwenye mdomo wa Ruvuma baada ya siku tatu hivi. Hakuona mahali pa kufaa kuteremsha wanyama wake wa mizigo. Ikambidi ageuze na kwenda kushuka Mikindani, akaianza kwa miguu safari yake ya mwisho barani.

Daraja la Umoja juu ya Ruvuma, lenye mita 720, lilifunguliwa Mei 2010 na Marais wa Tanzania na Msumbiji, na limewafaa wengi. Lakini liko Mtambaswala, zaidi ya kilomita 200 kutoka Mtwara. Mtu wa mdomo wa mto anayemwona jirani yake wa ng'ambo akianika samaki hawezi kulitumia kwa kwenda kumpa pole.

Na angani ni hivyo hivyo. Tumia tena atlasi yako. Kutoka Mtwara hadi Moçimboa da Praia, nchini Msumbiji, ni kilomita 115 hivi. Hadi Pemba ya Msumbiji ni karibu 300. Hadi Moroni, mji mkuu wa Komoro, ni yapata 360. Yote mitatu iko karibu na Mtwara kuliko Dar es Salaam! Watu wa pwani hizo wameoana, wamefanya biashara na kuzikana kwa vizazi. Hata hivyo, kwa muda mrefu safari za ndege za Mtwara zimepangwa kuelekea Dar es Salaam, na mtu wa Mtwara mwenye shangazi Moroni huenda kwanza kaskazini kilomita 400 ndipo ageuke kuvuka bahari. Mapigano yaliyozuka Cabo Delgado mwezi Oktoba 2017, na shambulio lililoufikia upande wetu katika kijiji cha Kitaya Oktoba 2020, yalizidi kuufanya ujirani huo kuwa mgumu. Hivyo utaona, ndugu msomaji, kwamba umbali haupimwi kwa kilomita peke yake. Hupimwa pia kwa njia iliyopo, kwa amani iliyopo na kwa ratiba iliyopo.

TULIPOFIKA

Mimi na kaka yangu tulikutana mjini Mtwara saa kumi na robo. Tulikodi gari pamoja. Lami ikaisha, mchanga ukaanza. Tulifika kwenye mlango wa maji karibu saa kumi na mbili, jua likielekea kuchwa. Zilikuwa siku za bamvua. Maji yaliyokuwa yamejaa saa tisa na nusu yalikuwa yamekimbia, na mashua zimelala ubavu kwenye tope kama ng'ombe waliochoka. Tulivua viatu, tukakunja suruali, tukavuka kwa miguu, tope likitufika magotini. Kaka yangu alitangulia akijaribu njia kwa fimbo.

Tulimkuta mjomba ameketi mkekani pamoja na wazee. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi. Hakutulaumu. Alitushika mikono, akasema, "Poleni kwa safari. Nyote wawili mmekuja." Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu alikuwa amesikia habari za ndege, akasema kwa upole, "Mpwa wangu, maji nisingeweza kuyazuia."

Maneno hayo yamekaa nami. Mjomba hakuipanga saa ya Alasiri kwa kutaka kumkomoa mtu. Dini inahimiza maiti kusitiriwa mapema, na watu wa ng'ambo walihitaji maji ili waje na tena ili warudi makwao kabla hayajapwa. Alikuwa na hesabu yake, nayo ilikuwa kamili kuliko yangu, kwa sababu ilianza mwishoni mwa safari na kurudi nyuma. Mimi nilianza na kile kilichoandikwa kwenye tiketi.

MASHAURI KWA FAMILIA

Kutokana na hayo, tunaweza kutoa mashauri machache kwa kila nyumba yenye jamaa kusini, au mahali popote penye safari ya namna hii.

Kwanza, anza kuhesabu kutoka mwisho. Uliza kwanza: jambo lenyewe ni saa ngapi, na mahali penyewe hufikiwa vipi? Kama kuna maji ya kuvuka, uliza yanajaa na kupwa saa ngapi. Ndipo urudi nyuma hadi kwenye tiketi.

Pili, hesabu kizingiti kwa kizingiti, pamoja na saa za kungoja. Ukiona saa ya angani ni chini ya robo ya safari yote, jua kwamba unanunua wepesi wa sehemu ndogo.

Tatu, usiweke safari yote kwenye uzi mmoja. Hesabu isiyo na nafasi ya kuchelewa hata saa mbili si hesabu, ni bahati nasibu. Penye ndugu wawili, mmoja aende kwa basi na mwingine kwa ndege, kama tulivyofanya sisi bila kukusudia. Mara nyingi mmoja atawahi. Tangu mwaka 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na kwa habari za saa tatu usiku hilo si jambo dogo.

Nne, pima mfuko. Nauli ya kiti kimoja cha ndege inaweza kuwasafirisha watu kadhaa kwa basi. Msiba wa kusini hauhitaji mwakilishi mmoja aliyefika upesi tu. Huhitaji mikono ya kuchota maji, kupika na kukaa na wafiwa. Bali kwa mgonjwa asiyeweza kukaa kitako saa kumi, au mzazi mkongwe, ndege si anasa hata kidogo.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, usingoje msiba ndipo upime umbali. Mama yetu mdogo alikuwa akiishi kilomita zile zile miaka yote. Barabara ilikuwepo, basi lilikuwepo na likizo zilikuwepo. Kila mwaka tulisema kusini ni mbali. Siku alipofariki ndipo sote wawili tulipogundua kwamba panafikika katika siku moja.

Kaka yangu sasa huenda kila mwaka, wakati wa korosho, kwa basi. Mimi humfuata ninapoweza, mara kwa basi, mara kwa ndege. Kabla ya kukata tiketi humpigia mjomba simu na kumuuliza habari za maji. Hunijibu, na baada ya hapo husema kila mara, "Njoo tu, mpwa wangu. Usipoyakuta yamejaa, utayangoja hapa kwetu."